Mteja Anasema Yuko Salama

Jumatatu, 3 Februari 2014

Baridi ya kukata masikio. Gari la kazi limegoma kuwaka, likawaka, likazimika tena kwenye taa za barabarani. Nimefika ofisini, hapa Coon Rapids, Marekani, nimechelewa. Nimemkuta Shangazi Eliakunda kwenye simu. Nikavua koti, nikachemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe. Bado yuko kwenye simu! Alikuwa anamuuliza mteja habari za goti la mama mkwe wake.

Huyu ni shangazi yake Tulia, mke wangu. Anakaa kwetu tangu alipofika kutoka Same. Nilimwajiri apokee simu kwa sababu Tulia aliomba, na Tulia akiomba ujue keshaamua. Kampuni yangu inaitwa Sherehe na Misiba. Tunakodisha viti, meza, mahema na masufuria makubwa. Watu wetu wanaoana na kufiwa mwaka mzima, kwa hiyo kazi ipo. Kinachokosekana ni faida.

Leo nimegundua inakoishia. Watu wetu hawapigi simu kuagiza viti. Wanapiga kusalimia! Viti vinakuja mwishoni, kama vinakuja. Mimi namlipa mtu mshahara kamili asalimiwe.

Nimeingia mtandaoni. Kuna makampuni yanapokea simu kwa niaba yako, yako huko jimbo lingine, na unalipa dakika walizoongea tu. Hawanywi chai yako. Hawamjui mama mkwe wa mtu. Nimefurahi hadi nikasahau kwamba gari nimeliacha linaunguruma nje.

Jumanne, 4 Februari

Lazima niandike wazi mambo yalivyo, ili siku nikifanikiwa nikumbuke nilianzia wapi.

Jumamosi ya tarehe 15 Gentille anaolewa. Ni binti wa Mchungaji Birindwa, na kanisa la Birindwa limejaa Wakongo ambao hawajui kufanya sherehe ndogo. Mchungaji aliniambia bila kuzunguka: harusi ya binti yake ikienda vizuri, shughuli zote za kanisa mwaka mzima ni zangu. Ikiharibika, anampa Rigobert. Nikiikosa kazi hiyo nafunga ofisi kabla ya majira ya joto. Narudi ghalani kupakia maboksi, zamu ya usiku, kazi niliyomwapia Tulia kwamba sitairudia.

Rigobert ni mpinzani wangu. Ana viti vichache kuliko vyangu na gari safi kuliko langu. Simu anapokea mwenyewe, hata katikati ya maombi. Hana mfumo wowote. Namhurumia.

Kampuni ya simu imeomba maelekezo ya kuwapa wapokeaji wao. Nimeyaandika mwenyewe, kwa Kiingereza, maana digrii ya biashara sikuisomea bure. Kwanza, msalimie mteja kwa utaratibu wa kwetu: hali yake, nyumbani, watoto, kazi. Mteja asijione amepigia mashine. Pili, akisema yuko salama, mshukuru, mtakie baraka na umalize simu. Huyo alikuwa anasalimia tu, asitumalizie dakika. Tatu, akisema hayuko salama, hapo ndipo mchukue ujumbe.

Nimeyasoma mara kadhaa. Yana heshima na yana akiba. Sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuliwaza jambo hili.

Kilichobaki ni Shangazi. Kumfukuza siwezi, nitalala kochini. Nimempandisha cheo. Kuanzia kesho ni Mshauri Mkuu wa kampuni. Amelia kwa furaha, amenikumbatia, kisha akauliza Mshauri Mkuu anakaa wapi. Nimemwambia anakaa nyumbani, anashauri akiitwa. Akauliza na mshahara je. Nimemwambia heshima ya cheo hicho hailipiki.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya kwanza. Nimeielekeza simu ya ofisi huko kwenye kampuni. Halafu nikafikiri: kwa nini nifanye nusu? Nikaielekeza na simu yangu ya mkononi. Sasa yeyote anayenitafuta anapokelewa na wao, na mimi naletewa ujumbe wa maandishi.

Ofisi kimya! Nimesikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza. Ujumbe umeanza kuingia kabla ya saa sita mchana. Mteja amepiga, anasema yuko salama. Mteja amepiga, familia salama. Mteja amepiga, salama, watoto salama. Hakuna hata mmoja mwenye malalamiko. Wakati wa Shangazi kila simu ilikuwa na kilio ndani yake. Kumbe alikuwa anavichokoza mwenyewe.

Jioni kidogo kumekuwa na maneno. Tulia alinipigia nipitie maziwa. Anasema dada wa simu alimuuliza habari za nyumbani, akajibu nzuri, akaulizwa watoto, akajibu wazima ingawa hatuna, na alipovuta pumzi aseme maziwa akatakiwa baraka na simu ikakatwa. Nimemwambia kosa ni lake, angeanza na maziwa. Ameniuliza ni mtu gani mwenye malezi anayeanza na maziwa.

Tumekunywa chai ya rangi. Shangazi amekaa sebuleni siku nzima na amepandisha hita mpaka madirisha yanatoa jasho. Nimeishusha. Nimeenda kunawa, nimerudi, imepanda.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda mtaa wa Cedar-Riverside kununua mchele, nikamkuta Rigobert kwenye mgahawa anakula sambusa. Nikakaa naye. Adui msalimie, haipunguzi kitu.

Nimemwonyesha ujumbe wangu wote wa wiki. Amesoma polepole, kidole kwenye kioo. Akauliza kama kweli wote wako salama. Nikasema wote. Akauliza kama hakuna hata mmoja aliyetaka kiti. Nikamweleza kwamba ni Februari, biashara ya viti hulala. Akanishangaa. Alisema yeye wiki hii simu haijanyamaza, na kwamba baadhi yao walikuwa wateja wangu, na wanasema pale kwangu, kwa Chacha, siku hizi watu wamekuwa wapole sana lakini hawana muda.

Wivu. Nimeuona wazi machoni pake.

Simu yake ikalia wakati huohuo. Akaipokea na sambusa mdomoni. “Allô, mama! Aksanti, aksanti. Na nyumbani? Eeh. Na bibi? Eeh. Lakini nini? Sema tu, mama, niko nasikia.” Akasikiliza mpaka sambusa ikapoa. Kupoteza muda namna ile, kwa mtu mzima! Nimemlipia chai kwa huruma.

Jumatatu, 10 Februari

Ujumbe wa leo umenifurahisha kuliko yote. Mama Gentille, mama wa bibi harusi mwenyewe, amepiga asubuhi: yuko salama. Amepiga tena mchana: yuko salama, familia salama. Amepiga tena jioni: salama, anamshukuru Mungu. Mama wa harusi, siku tano kabla, mara tatu salama! Wakati wa send-off ya dada yake Tulia mama mkwe wangu alizimia kwa ajili ya rangi ya vitambaa.

Nimemwambia Tulia kwamba hii kazi ya kanisa sasa ni yetu. Ameinua macho kutoka kwenye unga anaokanda, akaendelea kukanda.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi si mgeni, lakini sasa anashinda nyumbani, kwa hiyo nimempa koleo la theluji kwa ustaarabu. Ameliegemeza mlangoni akasema kama Mshauri Mkuu anashauri nilitumie mimi. Nimezoa theluji. Nilipoingia ndani hita ilikuwa imepanda tena.

Jumatano, 12 Februari

Mama Gentille amepiga jana na leo. Salama na salama.

Tulia ametaka nimpigie. Anasema mama mwenye harusi hapigi simu kila siku kumwambia mwenye viti kwamba ni mzima. Nimemwambia anafurahia huduma. Wapo watu wanaopiga ili tu wasikie sauti nzuri.

Hapo Tulia ameacha vyombo na kukaa mbele yangu. Alinikumbusha siku ya msiba wa babu yake. Mjumbe alifika Same kwa miguu, wakamuuliza habari za huko, akasema nzuri. Za nyumbani, nzuri. Wakampa maji, akanywa, akarudisha kikombe, ndipo akasema mzee amefariki. Aliniuliza kama kule kwetu Tarime hali ilikuwa tofauti. Nimekiri kwamba haikuwa tofauti. Baba yangu aliripoti kuungua kwa nyumba yetu baada ya kusema nzuri mara nne.

Lakini hiyo ni kule, nikamwambia. Hapa ni Marekani, mtu ana shida anasema ana shida. Tulia akauliza hapa ni Marekani kwa nani. Sikuona maana ya swali hilo. Nimekwenda kuhesabu vitambaa.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepakia viti vyote mwenyewe. Mgongo umelia. Meza juu, masufuria nyuma, vitambaa vyeupe kwenye mifuko ili visipate chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu.

Bili ya kwanza ya kampuni ya simu imefika. Ndogo hata nikadhani wamekosea! Kila simu haijamaliza dakika moja. Nimeibandika kwenye jokofu. Tulia amesema leo ni siku ya wapendanao. Nimemwambia ndiyo maana nimeibandika.

Kesho, ukumbi wa Coon Rapids, karibu na ofisi kabisa. Nitafika, nitapanga, nitakaa mstari wa mbele na Mchungaji ataniona.

Jumapili, 16 Februari

Jana sikuandika. Leo naandika yote, kwa utulivu.

Tulia na Shangazi walikwenda kanisani kwenye ibada ya ndoa. Mimi nilikwenda moja kwa moja ukumbini na gari. Mlango umefungwa. Kuna karatasi imebandikwa: mabomba yamepasuka kwa baridi, ukumbi umefungwa tangu Jumatatu, poleni. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango na kuganda. Nikasimama juu ya barafu hiyo na viti mia mbili nyuma yangu.

Sikuogopa mara moja. Nilijiambia Mama Gentille atanijulisha. Kisha nikakumbuka simu zote zinakwenda kule. Namba yake sikuwa nayo, maana orodha ya wateja niliwakabidhi wao. Tulia nilimpigia, simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu ya ibada. Ikabaki njia moja. Nikapiga simu kwenye kampuni yangu mwenyewe.

Dada mwenye sauti ya asali akapokea. Akaniuliza hali yangu. Nikasema “Fine.” Mdomo ulijijibu wenyewe! Akauliza nyumbani, watoto, kazi. Nikasema vyote “fine.” Akanitakia siku yenye baraka akakata.

Nikapiga tena. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akauliza hali yangu, kwa upole ambao hata mama yangu hajawahi kunipa, nikasema “Fine, thank you,” na nikamuuliza yeye je. Akasema naye mzima. Akakata.

Mara ya tatu nilipiga kelele kabla hajamaliza salamu. Nikasema siko salama, niko vibaya, mke wangu ni mzima na watoto sina na kazi imekufa! Akanionea huruma sana. Akasema atachukua ujumbe. Nikamwambia nataka kujua harusi imehamia wapi. Akaandika, akanisomea, akaahidi kwamba Bwana Chacha ataupata sasa hivi. Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ujumbe kwa Bwana Chacha: Bwana Chacha hayuko salama, anauliza harusi iko wapi.

Nikakaa kwenye ngazi za gari. Nikiri tu, machozi yalitaka kutoka, na kwa baridi ile yangeganda.

Nikaendelea kumpigia Tulia; alipowasha simu ndipo nikajua. Inver Grove Heights! Upande wa pili kabisa wa jiji. Nimeendesha kwa theluji, gari linakohoa, malori yananirushia tope la chumvi. Nilipoingia ukumbini wageni walikuwa wamekaa. Wamekaa kwenye viti vya Rigobert. Alikuja kama mgeni, na suti ya bluu na tai. Alipoona ukumbi mtupu akatoka mbio kuvifuata, akavipanga kwa suti hiyohiyo hadi ikachanika kwapani.

Lakini kabla hajafika, watu walisimama. Bibi yake Gentille alisimama ameshika ukuta. Mama mzee aliyetembea kutoka Kivu akalala makambini miaka yote ile, kwenye harusi ya mjukuu wake kakosa pa kukaa, na pa kukaa palikuwa kwenye gari langu. Niliona aibu. Aibu ile ya kutaka kurudi nje kwenye baridi.

Mama Gentille hakunigombeza. Alisema alipiga simu tangu siku ya mabomba. Yule binti aliuliza watoto vizuri sana, akajibu, na alipotaka kusema neno lenyewe akakuta simu imekatika. Akadhani ni mtandao. Akapiga tena na tena. Mwishoni akadhani namkwepa. “Nikasema basi, Papa Chacha amenichoka.” Kisha akaniwekea sahani ya bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo na samaki, akanisogezea kiti. Kiti cha Rigobert. Nilikula nimeinama.

Mchungaji Birindwa alipita mezani. Akaniuliza habari. Nikasema nzuri. Nikamuuliza naye, akasema nzuri, nzuri kabisa. Akaniwekea mkono begani akasema tutaongea. Sikuipenda ile tutaongea.

Jumatatu, 17 Februari

Tulia amesema nirudishe simu yangu na nimrudishe Shangazi ofisini. La kwanza nimekataa. La pili limechelewa. Rigobert amemwajiri Shangazi pale pale harusini, kati ya keki na zawadi. Mshahara, chai na gari la kumfuata asubuhi. Ameondoka na mkoba wake mkubwa leo, amenibusu shavuni, akasema ushauri wake wa mwisho kwangu ni kwamba nivae kofia.

Nimeshusha hita. Imebaki ilipo! Tayari ni akiba, na bado wiki ni changa.

Nimepiga kwenye kampuni ya simu, kwa msimamizi wao. Nilikuwa mkali. Amenisomea maelekezo yangu, neno kwa neno, akaniuliza ni wapi walipokosea. Nikatafuta. Nikarudi nyumbani nikatafuta tena, na hatimaye nikapaona palipovuja. Wanauliza mara moja tu! Kwa kweli Tulia alinipa jibu bila kujua. Mtu wa kwetu swali la kwanza hulijibu kwa adabu. Dawa ni kumuuliza tena.

Nimeongeza hatua. Mteja akisema yuko salama, aulizwe mara ya pili: je, uko salama kweli? Akisema tena yuko salama, basi hapo hakuna shaka, amalizwe. Dakika zitaongezeka kidogo. Usalama una gharama yake.

Alhamisi, 20 Februari

Siku kubwa!

Ujumbe umeingia asubuhi. Mchungaji Birindwa amepiga, anasema yuko salama. Ameulizwa mara ya pili. Yuko salama sana, kanisa ni zima, familia ni zima, anamshukuru Mungu kwa yote.

Nimeusoma nimesimama. Nimekaa, nimeusoma tena. Mtu mwenye habari mbaya ya kunipa hawezi kuwa salama mara mbili mfululizo, tena mtumishi wa Mungu. Kazi ya mwaka ni yangu! Nimeagiza vifuniko vya viti vya rangi ya dhahabu, kwa kadi. Nimesaini na kampuni ya simu miaka miwili, maana wa miaka miwili wanapunguziwa.

Tulia amerudi kutoka kazini. Anasema alipita kanisani kwa Birindwa na akaliona gari la Rigobert mlangoni. Wanashusha viti na kuviingiza stoo ya kanisa. Shangazi yuko kiti cha mbele, simu sikioni, anacheka. Nimemwambia Tulia kwamba hata Rigobert ana haki ya kusali. Akaniomba nimpigie Mchungaji mwenyewe, kwa namba ya nyumbani, sasa hivi. Nikamwonyesha ujumbe. Akausoma. Akanirudishia simu taratibu, akakaa mezani bila kuvua koti.

Nimeona bado amevaa koti, na mimi si mume asiyejali. Nimemuuliza habari yake. Amesema nzuri. Sikuishia hapo, sasa nina mfumo. Nimemuuliza kama ni nzuri kweli. Ameniangalia kidogo, akasema nzuri sana, Baba.

Basi. Nimekula ugali wote, nimezima taa, nimelala mapema.